Hotpoti Iliyorudi Tupu

Hapana, Nekesa, kura kuwa siri haimaanishi mdomo nao uwe siri. Leo mchana umekaa kwa meza yetu, unakula viazi vyetu, ukaniambia kesho kanisani karatasi ikinifikia niweke sahihi tu yaishe, halafu siku ya uchaguzi nikiwa peke yangu na ile penseli yao ya kura nichague ninachotaka, nani atajua. Ukasema mimi ni mkaidi kama mama. Ukasema pia kwamba yale ya kitambo siwezi kuyakumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwa na miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa anakumbuka keki na nani alimsukuma. Sikukujibu vizuri kwa sababu ulikuwa unakimbilia basi. Sasa nakujibu hapa kwa daftari. Na wengine wa rika letu wakisoma, nyinyi mliokulia huku, mnaosikia Kiswahili chote lakini mkiulizwa mnajibu kwa Kizungu, hata nyinyi someni.

Nakumbuka, Nekesa. Nakumbuka kwa pua. Ulipoondoka nilipanda kiti nikaitoa ile hotpoti kubwa juu ya kabati, ile ya maua ya rangi ya machungwa, nikafungua kifuniko. Imeoshwa mara ngapi sijui, na bado inanuka chapati. Unga ulioungua kidogo, mafuta, na lile joto la chakula kilichofunikwa kikangoja watu. Nilikaa chini kwa sakafu ya jikoni nayo mapajani kama mtu anayebembeleza mtoto, na yote yakarudi.

Wewe na wazazi wako mlikuwa hamjaja. Tulikuwa mama na mimi tu, kwa nyumba hii hii ya Bordesley Green, hapa Birmingham, mama akienda kazi ya unesi kwa miguu. Baba alikufa kabla sijaijua sura yake. Hatukuwa na shangazi huku wala mjomba, kwa hiyo ushirika wa kanisa letu ndio ulikuwa shangazi na mjomba. Unajua unavyokwenda: Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nyumba moja inashika zamu, wengine wanakuja saa kumi alasiri. Wimbo, neno, maombi, halafu chakula mpaka watoto wanalala juu ya makoti ya wageni.

Na ushirika ulikuwa na siasa yake, ijapokuwa hakuna aliyeiita siasa. Iliitwa msimamo. Uchaguzi ukikaribia, Mzee Mutua, ambaye alikuwa mwenyekiti na bado ni mwenyekiti, alisimama akatuombea tupate viongozi wanaoheshimu familia, kazi na mipaka, na kila mtu alijua ni chama gani anazungumzia. Watu waliitikia amina. Mama naye aliitikia amina, kisha wakinywa chai anasema bila kupandisha sauti kwamba yeye atawapigia kura wale wengine. Watu walicheka. Walimwita Mama Nafula Mpinzani. Ilikuwa utani, na alikuwa na mahali pake kwenye utani huo, kama vile kila familia ina yule mjomba mmoja asiyekula nyama. Mtaani sisi tulikuwa wachache, na mama alikuwa mchache ndani ya wachache, lakini kulikuwa na joto.

Mpaka ile karatasi.

Kulikuwa na nyumba ya wazee iliyofungwa, pale nyuma ya maduka, matofali mekundu na madirisha yamepigwa mbao. Kaunsili ya mji ilitaka kuifungua waweke wakimbizi, watu waliofika juzi na hawana pa kukaa kesi zao zikingoja. Jumapili moja baada ya ibada Mzee Mutua alitoa karatasi ya kupinga. Ilianzia kiti cha mbele, na peni imefungwa kwayo kwa uzi, ikawa inapita mkono kwa mkono kama kapu la sadaka. Unaandika jina, unaweka sahihi, unampa jirani, na jirani anaona umeandika.

Mimi nilidhani ni orodha ya safari ya baharini. Kila kiangazi kanisa lilikodi basi kwenda kuona bahari ya huku, ile ya kijivu, na orodha yake ilipita hivyo hivyo. Nilihesabu viti, nikawa naona Tasha na mama yake wameandika, nikajua tutakaa pamoja nyuma ya basi. Karatasi ikafika kwa mama. Akaisoma yote. Watu hawakuwa wakiisoma, waliandika tu, kwa hiyo kule kusoma kulichukua muda hata wa mbele wakageuka. Kisha akampa mtu wa pembeni yake, bila kuandika.

Mzee Mutua akamwuliza kwa upole kama peni imekataa.

"Peni ni nzima, Mzee," mama akasema. "Mimi ndiye nimekataa. Siwezi kumfungia mtu mlango ambao mimi mwenyewe nimeupitia."

"Wewe ulipitia mlango, Mama Nafula. Ulipanga foleni, ukafanya mtihani, ukangoja barua. Hawa wamepita dirishani. Na wakivunja kitu, Mzungu hatauliza nani alipita wapi. Atatutazama sote."

Sikufichi, Nekesa, hata leo nikiyaandika naona maneno yake yana uzito. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na sababu ya kuogopa. Alikuwa ametemewa mate kwenye basi alilokuwa akiendesha yeye mwenyewe. Na huyu ndiye mtu aliyeninunulia glavu zangu za kwanza, akanifundisha kuzivaa kidole kimoja kimoja, siku mama alipokuwa kazini na theluji imeanguka. Angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa rahisi.

Mama aliinuka. Alinishika mkono tukatoka. Mimi njia nzima nilinung'unika kwamba kila mtu anaenda baharini isipokuwa sisi, na yeye akasema tu, "Hiyo haikuwa ya bahari, Nafula," nikadhani ananidanganya kwa sababu hana likizo.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yetu.

Mama alianza asubuhi. Ndengu zilikuwa zimelowekwa tangu jana, kuku wawili wamekatwa, na unga wa ngano kwenye beseni kubwa la plastiki ambalo pia ndilo nililoogea nikiwa mdogo, tusiambiane uongo. Siku hiyo kwa mara ya kwanza aliniruhusu nikande. Alisema nimefika umri. Mlango ukabishwa, akaenda kufungua, nikabaki mbele ya unga kama bibi harusi mbele ya keki. Nilikuwa nimemwona mara mia akiweka chumvi. Nikachukua kijiko, nikaweka viwili, nikaongeza nusu kwa sababu wageni ni wengi. Nikamimina yale maji vuguvugu aliyoyaacha kando kwenye jagi, nikakanda.

Nyinyi mnaopika mnajua nilichofanya. Mama huyeyusha chumvi kwenye maji kwanza. Maji yalikuwa na chumvi tayari.

Aliyekuwa mlangoni ni Tasha. Alikuwa rafiki yangu wa darasa moja, na mama yake alikuwa rafiki wa mama tangu wafike huku ndege moja, wodi moja. Mama Tasha alikuwa ameiazima hotpoti yetu wiki mbili nyuma. Sasa amemtuma Tasha airudishe. Mama aliipokea, akafungua kifuniko, akatazama ndani, akafunga. Alisimama pale kwenye korido muda mrefu kidogo. Kisha akamwambia Tasha, "Asante mama, mwambie mama yako nimeipata," na akarudi jikoni akaanza kukata miviringo ya unga bila kuniuliza chochote. Baadaye mimi nilidhani alikuwa amenusa chumvi.

Chapati za kwanza zilipotoka, moshi ukajaa, king'ora cha moshi kikaanza kulia kama kawaida yake, na kazi yangu ilikuwa kusimama juu ya kiti nikikipepea kwa taulo la vyombo. Tasha, ambaye alikuwa amebaki kucheza na mimi, akachukua chapati moja ya moto. Akauma. Akakunja uso, akatema kwenye kiganja, akasema kwa Kizungu kwamba ina ladha kama ya bahari. Nikaonja. Ilikuwa kweli. Nilitaka kumwambia mama lakini alikuwa amenipa mgongo, anasukuma, anageuza, anasukuma, haraka haraka, na mabega yake yalikuwa juu. Tasha akasema lazima aende nyumbani. Nikamwomba asimwambie mtu. Akakimbia.

Saa kumi ikafika. Mama alikuwa amepiga pasi vitambaa vyote vya viti. Tuliazima viti vya kukunja kwa jirani, tukavipanga ukutani. Hotpoti ilikuwa katikati ya meza imejaa mpaka kifuniko kinakataa kufunga. Saa kumi na robo. Madirisha yalikuwa na mvuke, nikachora uso kwenye kioo ili nione barabara kupitia macho yake. Saa kumi na nusu ilipita gari la mtu wa ushirika, nalijua, lilipunguza mwendo, halafu likaenda. Saa kumi na moja mama alivua aproni. Akakaa kwenye kiti kimoja cha kukunja, kati ya vile vingine vitupu, akaweka mikono mapajani.

Na mimi nilijua kwa nini. Tasha amewaambia. Ushirika mzima umeambiwa kwamba kwa kina Nafula leo chapati ni chumvi tupu, na wamebaki majumbani mwao wakila mkate. Mimi ndiye niliyewafukuza. Hilo ndilo nililoamini, Nekesa, na usicheke, kwa sababu niliamini miaka sita.

Aliyekuja ni mtu mmoja ambaye hakualikwa. Bibi Harbans wa nyumba ya pili, yule Singasinga mwenye viti vyake vya kukunja, aliyezaliwa Nakuru na kuolewa Kampala na kufukuzwa kutoka huko na sanduku moja. Harufu ya chapati ilimvuta, alisema. Alikuwa na kile Kiswahili chake cha zamani cha dukani ambacho hakikuguswa na mwalimu.

"Mama Nafula, chapati iko mingi, watu iko wapi?"

Mama akamweleza karatasi. Mimi nilikuwa chini ya meza kwa aibu, nachungulia, nasikia bila kusikiliza. Bibi Harbans alijikatia chapati, akachovya kwenye ndengu, akatafuna, akanywa maji, akatafuna tena, wala hakusema kitu juu ya chumvi. Mama naye akaonja kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikaona miguu yake imetulia ghafla. Nikafumba macho.

"Leo mkono wangu umekuwa mzito," mama akasema. "Bibi, nisamehe."

Alijibebesha kosa yeye. Nikanyamaza. Kunyamaza kule nakukumbuka kuliko chumvi yenyewe.

Bibi Harbans akasema chumvi si kitu, amekula vibaya zaidi. Kisha akasema lile ambalo nililielewa baadaye sana: "Karatasi mimi najua. Mimi nafika hapa na mtoto kwa mkono, watu ya hii mtaa natembeza karatasi, nataka sisi rudi. Yote naandika. Mama moja tu, Mzungu ya nyumba ya kona, nakataa. Mimi nasahau jina ya wale yote. Ile moja, mpaka leo mimi nataja kwa sala."

Mama hakulia wala hakucheka. Aliuliza yule mama alikuwa anaitwa nani, Bibi Harbans akamtajia, na mama akalirudia lile jina taratibu kama mtu anayeandika.

Kesho yake, Jumapili, niliamshwa na sauti ya beseni. Mama alikuwa anakanda upya. Aliniita nikasimama karibu nione: chumvi kijiko kimoja, kwenye maji, koroga, onja maji kwa ncha ya ulimi, ndipo unga. Aliongea kuhusu chumvi tu, na mimi nikajiambia, ndiyo, anarekebisha nilichoharibu. Alipika chapati kumi na mbili laini kabisa, akazifunga kwa kitambaa, akaziweka kwenye hotpoti ile ile. Tukaenda nayo kwa mguu mpaka kwa kina Tasha, kabla ya kanisa, kwenye mvua ile ya huku isiyonyesha wala kuacha.

Mama Tasha alifungua mlango na rola za nywele kichwani. Alipotuona alitazama pembeni. Mama akamnyooshea hotpoti kwa mikono miwili.

"Mimi nimekosana na karatasi, dada," akasema. "Sijakosana na wewe. Zile za jana hazikuwa nzuri, hizi ziko sawa."

Mama Tasha alipokea, kwa sababu mtu akikupa chakula kwa mikono miwili utafanya nini. Hakusema asante. Akafunga mlango polepole. Tukaenda kanisani, mama akakaa kiti chake kile kile, akaimba nyimbo zote. Hakuna aliyemfukuza. Watu walimsalimu kwa ncha za vidole tu. Hakuhama kanisa, hakutafuta ushirika mwingine wa watu wanaofikiri kama yeye, ambao ungepatikana, Birmingham ni kubwa. Mwezi uliofuata alienda kwenye zamu ya mtu mwingine na keki yake mkononi. Na uliofuata.

Hotpoti ilikaa kwa Mama Tasha wiki sita. Ilirudi siku moja jioni, Mama Tasha mwenyewe ameibeba, na ndani kulikuwa na maparachichi manne yaliyofungwa kwa gazeti na pakiti ya majani ya chai ya nyumbani, yale ya kupimwa kwa mkono. Mama alifungua kifuniko mbele yake, akatazama, na wote wawili wakaanza kucheka mpaka wakaegemea ukuta. Mimi nilifurahi pia. Nilifikiri: zile chapati nzuri zimefanya kazi.

Nilipofika miaka kumi na tano ndipo nilipomwambia. Tulikuwa kituo cha basi, sijui kwa nini hapo, nikatoa tu: mama, ni mimi niliyeweka chumvi, ni mimi niliyefanya ushirika usije. Alinitazama kama nimeongea Kichina. Kisha akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Yaani miaka sita umebeba chumvi?"

Akaniambia ya karatasi, yote, na ya gari lililopunguza mwendo. Akaniambia alijua tangu mchana kwamba hawatakuja, tangu alipofungua ile hotpoti mlangoni. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata kama huna, unaweka sukari kijiko, unaweka limau, unaweka yai. Mama Tasha alikuwa analijua hilo tangu kuzaliwa. Kuirudisha tupu, imeoshwa inang'aa, ilikuwa barua. Mama aliisoma pale kwenye korido, na bado akapika chapati arobaini, akapiga pasi vitambaa, akapanga viti. Nilimwuliza kwa nini, kama alijua. Akasema zamu ni zamu. Kama hawakuja, isiwe ni kwa sababu hakukuwa na chakula.

Sasa, Nekesa. Ile nyumba ya matofali mekundu ilifunguliwa, unaijua, unapita hapo kila siku. Hakuna aliyekula mtu. Mama Beni, yule Mkongo anayekaa kiti cha tatu na kuimba sauti ya pili mpaka madirisha yanatetemeka, yeye unadhani alitoka wapi? Alitoka humo, na watoto wawili na mfuko wa plastiki. Mzee Mutua mwenyewe ndiye aliyemwendea na gari akamleta kanisani, miaka mitatu baada ya kuandika karatasi ya kumzuia, na sijawahi kumsikia akilisema hilo kwa sauti. Na sasa kaunsili inataka kuiongeza ile nyumba, na Mzee ametuma ujumbe kwa kundi letu la simu kwamba kesho kuna karatasi nyingine, na vijana mliofikisha umri wa kura mnatarajiwa kuonyesha msimamo. Karatasi itaanzia mbele, itapita kiti cha kwanza, cha pili, cha tatu. Itafika mikononi mwa Mama Beni. Atashika peni yenye uzi, na sisi sote tukimtazama. Umefikiria hilo ulipokuwa unaniambia niandike tu yaishe? Siri ya kura yako itamsaidia nini dakika hiyo?

Mama kesho yuko shifti ya mchana. Nilimwuliza jioni hii nifanye nini, akaniambia mimi si mtoto, na kwamba unga uko kabati la chini. Basi.

Mimi sitaki kuhama ushirika. Nataka hilo lieleweke. Siendi kugombana na Mzee aliyenivalisha glavu. Lakini nilishanyamaza mara moja chini ya meza, mtu mwingine akabeba kosa langu, na sirudi huko chini.

Kesho asubuhi nitaamka saa kumi na mbili. Chumvi kijiko kimoja, kwenye maji, na nitaonja maji kabla ya unga. Nitapika chapati kumi na mbili nizifunge kwa kitambaa. Nitafika kanisani kabla ya wimbo wa kwanza, na sitakaa nyuma na vijana. Nitakaa kiti cha mbele kabisa, pale karatasi inapoanzia. Nitaisoma yote, hata wakigeuka. Kisha nitasimama niseme jina langu, niseme sitaandika, na niseme kwa nini, kwa Kiswahili, polepole, ili Mama Beni asikie mtu amesema kabla haijamfikia yeye. Ibada ikiisha nitamfuata Mzee Mutua kwenye gari lake, nimpe hotpoti kwa mikono miwili, nirudi nyumbani kwa mguu bila hiyo. Anajua vizuri chombo cha mtu kinavyorudishwa.